Siku Nilipopaka Rangi Kinywa cha Mama-mkwe

Nichekeni kwanza mmalize, halafu ndiyo nihadithie, kwa sababu nikianza polepole mtanikatiza njiani na mimi aibu yangu napenda ifike nzima. Ni hivi: mimi Ngoy, mtu mzima, fundi wa maabara mwenye diploma iliyotundikwa sebuleni, nilionyesha ndani ya kinywa cha mama-mkwe wangu mbele ya ukumbi uliojaa watu, kwenye shuka jeupe lenye ukubwa wa ukuta, nikatangaza kwa mikrofoni kwamba kimejaa vijidudu. Na havikuwa vijidudu. Ilikuwa rangi tu.

Kwa wasiotujua sisi Waluba, niseme kidogo. Mkwe wa kiume hamzoei mama-mkwe wake. Hamkazii macho, hali chakula mbele yake, na akimwona anakuja njiani anampisha mbali (mimi niliwahi kuingia katikati ya mihogo ya watu na suruali ya Jumapili, mvua imenyesha, ili mama apite kwa amani). Miaka tisa ya ndoa sikuwahi kumwangalia meno. Halafu nikaja kuonyesha mji mzima kilicho nyuma ya hayo meno.

Yote yalianza na hadubini. Hospitali yetu hapa Kamina (jina lake naliacha, imeshapata aibu ya kutosha) ilipewa hadubini mpya ya kutafutia kifua kikuu, ile ambayo makohozi yanatiwa dawa inayong'aa, ukiyamulika kwa mwanga wake vijidudu vinawaka kama makaa gizani. Zamani nilikuwa nakodoa jicho asubuhi nzima kwa mgonjwa mmoja. Hii mpya ilikuja na kamera na kompyuta, na mwalimu wake, Monsieur Banza kutoka Lubumbashi, alikaa nasi wiki nzima kutufundisha.

Sasa hapa nawaomba mnisikilize vizuri, maana mkasa wote unaning'inia hapa. Ile kamera haioni rangi. Inaona mwanga na giza, basi. Ukitia dawa mbili, moja inayoshika chembe za mwili wa mtu na nyingine inayoshika vijidudu, kamera inapiga picha mbili za kijivu, kila dawa na picha yake, halafu kompyuta inapaka kila picha rangi uliyoiambia na kuzilaza moja juu ya nyingine. Kwa hiyo zile rangi nzuri mnazoziona kwenye vitabu vya shule hazikutoka mwilini mwa mtu. Kuna mtu alikaa kwenye kiti akazichagua.

Kwetu, mtu huyo alikuwa Monsieur Banza. Alipanga kila kitu: chembe za mtu bluu, vijidudu manjano, na kila rangi akaifunga kwenye jina la dawa yake, hivi kwamba hata ukianza na ipi, rangi haibadiliki. Siku ya kuondoka akanishika bega: "Technicien, rangi usiguse. Kama unataka kugusa, unipigie simu mbele."

Nikamjibu, "Eyo, vidye," yaani ndiyo bwana, kwa heshima zote.

Siku tatu baadaye nikagusa.

Ilikuwa mchana, kesho yake ndiyo siku ya kuzindua hadubini, nami nilikuwa najaribu picha kwenye shuka tuliloazima wodi ya wazazi. Ile bluu ikazama. Kwenye kompyuta ilikuwa inaonekana, lakini kwenye shuka, bluu juu ya weusi, ungedhani mtu hakutoa chembe hata moja. Ningempigia simu Monsieur Banza (mtandao ulikuwepo, nisiwadanganye), lakini nikajiuliza, mtu mwenye diploma apige simu ya rangi? Baba yangu alifanya kazi kwenye reli mpaka akastaafu, na mtoto wa reli anajua toka tumboni kwamba kijani ni pita na nyekundu ni hatari. Kamina nzima inajua hivyo. Basi nikaweka kijani kwa chembe za mtu na nyekundu kwa vijidudu. Kompyuta ikaniuliza kwa Kifaransa kama rangi hizo ziwe za kawaida kwa picha zote kuanzia sasa. Nikabonyeza "Oui" kama rais anayetia sahihi sheria. Chini yake kulikuwa na mstari wa herufi ndogo sana ambao sikuusoma. Ulikuwa unasema kwamba sasa rangi zitafuata mpangilio wa kupiga: picha ya kwanza kijani, ya pili nyekundu, bila kujali dawa ni ipi.

Kesho yake ukumbi wa hospitali ukafurika. Madirisha tumeyaziba kwa vitenge ili giza lipatikane, wachungaji mstari wa mbele, wageni wa zone de santé, wakubwa wa afya wa wilaya, na mashati yao mapya, machifu wa mitaa, kwaya, na akina mama wa kanisa letu la Kimetodisti na sare yao. Mama-mkwe wangu, Mama Rakeli, ndiye prezida wa hao akina mama, na tangu asubuhi alikuwa nyuma ya ukumbi akiamrisha masufuria: bukari (ugali wetu), sombe ya majani ya mihogo, kuku, na samaki wa ziwa Kisale walioletwa kwa pikipiki jana yake. Harufu ilikuwa inaingia mpaka ndani, mtu anasali huku anameza mate.

Nikashika mikrofoni. Nikaeleza kwamba tutapangusa kidogo ndani ya shavu la mtu mmoja kwa kijiti cha pamba, tutie dawa, na kila mtu aone. "Musiogope," nikasema. "Kijani njo weye mwenyewe. Rouge, nyekundu, njo bidudu. Kila mutu iko nabyo kidogo kidogo. Nani anakuja?"

Mkurugenzi wetu, Docteur Numbi, akasema angekuja ila ana hotuba. Mchungaji akafungua Biblia akaanza kutafuta kitu. Mtu mmoja nyuma akakumbuka jino linamuuma.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni, kwa akina mama. "Muko naogopa nini? Kinwa ni kinwa. Minyi naenda."

Mama Rakeli. Na aproni yake.

Damu ikanishuka mpaka kwenye soksi. Nikamwinamia Docteur Numbi, nikamnong'oneza, "Docteur, ule njo mama ya bibi yangu. Haifai."

"Bukwe yako? Très bien!" akasema kwa sauti. "Mumupigie mikono, familia ya hospitali!"

Wakapiga makofi. Nesi Kalenga ndiye aliyempangusa, nyuma ya pazia, mimi nikiwa naangalia dari kana kwamba kuna habari imeandikwa pale. Nikapokea kile kijiti kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Nikaenda pembeni kutia dawa, kuosha, kukausha, kwaya ikaimba nyimbo zote ilizokuwa nazo na nyingine ikarudia.

Na hapo kwenye kukausha, ujuzi ukaniingia. Nikakumbuka Monsieur Banza alifundisha kwamba ile dawa ya vijidudu ikimulikwa inafifia haraka, kwa hiyo fundi mwangalifu anaanza nayo. Jana kwenye kujaribu nilianza na chembe za mtu. Leo, mbele ya wageni, nikasema hapana, leo nifanye kazi kama ilivyoandikwa. Nikapiga vijidudu kwanza. Kompyuta ikavipaka kijani. Halafu nikapiga chembe za Mama Rakeli. Kompyuta ikazipaka nyekundu. Nikabonyeza, picha ikaruka kwenye shuka.

Jamani. Shuka zima lilikuwa jekundu. Mapande mekundu makubwa, yamebanana kama vigae, na katikati yake vidoadoa vya kijani vichache, vimepotea.

Mama mmoja akasema, "Leza wami!" Mungu wangu.

Sasa nisikieni dhambi yangu yenyewe. Ningeangalia umbo tu ningejua, maana chembe ya shavu na kijidudu ni kama nyumba na mbuzi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kuvichanganya. Lakini mimi niliangalia rangi. Rangi niliyoichagua mwenyewe, nikaiamini kuliko macho yangu. Nikasema kwenye mikrofoni, "Hapa tunaona... bidudu biko mingi kidogo."

"Kidogo namna gani?" akauliza chifu mmoja wa mtaa. "Na mama mwenyewe iko wapi?"

"Mama haiko tena," akajibu mwingine gizani. "Njo bidudu bitupu!"

Docteur Numbi akasimama, anatabasamu, fimbo mkononi. Akaanza kugusa yale mapande makubwa moja moja. "Muangalie vizuri," akasema. "Picha safi kabisa. Hii yote njo Mama Rakeli mwenyewe. Kinwa ya muntu mwenye afya."

Watu wakaguna. Wanaona wekundu mtupu, daktari anawaambia ni afya, wakajua anafunika mambo. Na mimi (hapa huwa natamani ardhi ipasuke, mpaka leo), mimi nikamrekebisha mkurugenzi wangu mbele ya ukumbi: "Pardon, Docteur. Ile rouge njo bidudu."

Docteur Numbi akanigeukia, akaangalia shuka, akanigeukia tena. Akakaa.

Kiti cha kwanza kilichosogea kilikuwa cha katibu wa akina mama, aliyekuwa amekaa karibu na Mama Rakeli. Alikivuta taratibu, ila sakafu ya saruji haina siri. Halafu cha pili. Mama Rakeli akabaki katikati ya nafasi, ameshika aproni yake, anaangalia kile kinachosemekana kuwa yeye.

Kilichofuata ndicho kilichoniuma kuliko yote. Mshereheshaji akatangaza chakula. Nani aende? Mpishi mkuu ndiye yule aliye kwenye shuka, na kila mtu anajua mpishi anaonja. Wageni wa zone wakasema wana safari. Mchungaji akasema yuko kwenye mfungo (asubuhi nilimwona mwenyewe na andazi). Mmoja mmoja wakatoka, wakipita mbali na masufuria, wakishukuru "Wafwako, mama, wafwako," bila kusimama. Nilipochungulia nje, Mama Rakeli alikuwa amesimama nyuma ya meza na upawa mkononi, amejifunga kitambaa mdomoni, anasubiri. Hakuna aliyekwenda. Akafunika sufuria moja baada ya nyingine.

Mke wangu Nadine alinifuata mpaka mlango wa maabara. "Ngoy, ulisema nini ya mama yangu?"

"Haiko minyi, njo mashini."

"Mashini iko na kinwa?" akasema, akaondoka zake. Alikwenda kwa mama yake na hakurudi wiki mbili.

Nikabaki na kompyuta. Nikaanza kufungua zile picha moja moja kutafuta kosa la nesi, la pamba, la dawa, la mtu yeyote ambaye si mimi. Ile ya kijani, chini yake pameandikwa jina la dawa ya vijidudu. Ile nyekundu, chini yake jina la dawa ya chembe za mtu. Nikasoma mara tatu. Nikaurudia ule mstari wa herufi ndogo, safari hii nikausoma. Docteur Numbi alikuwa ameingia, amesimama nyuma yangu. Nikampigia Monsieur Banza, simu nimeiweka kwenye spika.

"Uligusa rangi?" akauliza hata kabla sijamaliza salamu.

"Kidogo tu."

"Technicien, rangi haiguswi kidogo. Uliweka gani?"

"Verte na rouge."

Akavuta pumzi ndefu. "Kati ya rangi zote za Mungu! Kuna wanaume hawawezi kutofautisha hizo mbili, hujui? Kwao ni kitu kimoja."

Docteur Numbi akakohoa nyuma yangu. "Ni kweli," akasema polepole. "Minyi niko moya yabo. Kwangu ile picha yote ilikuwa kama matope. Niliangalia tu umbo." Akaongeza kwamba tai zake anachaguliwa na mke wake, na hapa hospitalini hajawahi kumwambia mtu.

Kwa hiyo muone msiba wangu ulivyo. Katika ukumbi mzima, mtu pekee aliyeisoma ile picha sawasawa ni yule ambaye haoni rangi, na mimi ndiye niliyemnyamazisha.

Ningeweza kuficha, nakiri nilifikiria. Lakini wiki ile hakuna mtu aliyeleta makohozi. Hata mmoja. Mjini walikuwa wanasema ile mashini inaharibishaka bantu jina, ukikohoa ukaenda kwake utaoneshwa kwenye shuka. Baba mmoja mkulima wa Kaniama, amesafiri siku nzima juu ya pikipiki na kikohozi cha miezi, alifika getini, akasikia wauza mkate wanavyosimulia, akageuza. Kalenga alimwona akiondoka, amejishika mbavu. Hapo kicheko kiliniisha. Kifua kikuu hakingoji mtu amalize kuona haya.

Kwenda kwa mama-mkwe mwenyewe sikuweza, desturi hairuhusu, basi nikamtuma mjomba wa Nadine na maneno ya kuomba msamaha. Akarudi jioni ileile na jibu, amelishika neno kwa neno: "Mumuambie Ngoy, minyi sitaki pardon ya mu nyumba. Alinipaka mbele ya bantu, anipanguse mbele ya bantu. Na kinwa yake naye, tukione."

Jumamosi iliyofuata tukaziba tena madirisha kwa vitenge. Safari hii watu walikuja wengi zaidi (habari ya mkwe kuonyeshwa kinywa haikosi wasikilizaji). Kalenga akanipangusa shavu mbele yao bila pazia, na alipangusa kwa nguvu, nadhani kwa niaba ya akina mama wote. Nikawaonyesha kwanza zile picha za kijivu, moja moja, kila moja na jina lake limeandikwa kubwa. Nikasema: "Kamera haionaka rangi. Rangi njo minyi nilipaka. Mama Rakeli hakuwa na kosa, minyi njo niko na kosa."

Halafu nikabonyeza. Kinywa cha Mama Rakeli kikageuka kijani. Nikabonyeza, kikawa waridi. Nikabonyeza, kikawa manjano. Mtu mmoja akacheka, halafu wote. "Umuweke bleu!" akapiga kelele chifu yule yule. "Muweke violet, ya pasaka!" Watu wakawa wanaagiza rangi kama wako sokoni kwenye vitenge, na katika kila rangi vile vidoadoa vilibaki vichache vilevile.

Ndipo nikaweka changu pembeni yake.

Sitaki kusema mengi. Vijidudu vyangu vilikuwa vimekaa makundi makundi, kama wasafiri wanaosubiri treni iliyochelewa wiki. Ukumbi ulilia kwa kicheko. Mchungaji alishika tumbo. Mama Rakeli akainuka, akaja mpaka karibu na shuka, akaangalia kinywa chake, akaangalia changu, bila kunitupia jicho mimi mwenyewe kwa sababu heshima ni heshima, akauambia ukumbi: "Mumuambie mukwe yangu: brosse ya meno inafanyaka kazi kila siku, haiko ya Jumapili tu."

Siku hiyo alipika tena, na watu walikula mpaka wakakwangua chini ya sufuria. Mimi nilikula nyuma ya maabara, peke yangu, kama inavyotakiwa, sahani aliileta Nadine. Alikaa mpaka nimalize.

Jumatatu walikuja watu wanne na vikopo vyao. Ikachukua wiki nyingine kumpata baba wa Kaniama. Kalenga ndiye aliyemtafuta kupitia parokia yao. Kifua kikuu alikuwa nacho kweli, na safari hii vijidudu niliviangalia umbo mara mbili na nikamwita Docteur Numbi aviangalie mara ya tatu. Yule baba alianza dawa. Amenenepa.

Nimeapa, na kiapo changu hiki hapa: sitachagua tena rangi ya kitu chochote mpaka niulize kwanza yule atakayeangalia, na yule atakayeangaliwa. Nakishika kweli. Juzi wametuletea dawa ya tatu, na kompyuta ikanisimamisha tena na swali lake: hii nayo rangi gani? Niliondoa mkono kwenye kitufe haraka kama kimenichoma. Nikampigia Monsieur Banza, nikamwuliza Docteur Numbi, halafu nikamwomba Nadine apige kwa mama yake.

Nilikuwa nasikia upande mmoja tu. Nadine alieleza, akasikiliza, akacheka, akaeleza tena. Akakata simu.

"Anasema uweke nyeupe," akaniambia. "Anasema hajaonaka bado muntu wa kukimbia nyeupe."

Monsieur Banza alikuwa amesema hivyohivyo, nyeupe juu ya weusi, ila yeye alitumia dakika ishirini.